Vibao Kumi vya Illmatic

Kila ninapokutana na albamu ya hip hop iliyorundikwa nyimbo ishirini na kitu, hurudi kwenye Illmatic ya Nas, yenye vibao kumi tu, cha kwanza kikiwa utangulizi, na ambayo humalizika kabla ya dakika 40 kutimia. Kampuni ya rekodi ya Columbia iliitoa tarehe 19 Aprili 1994, Nas akiwa na umri wa miaka 20, kijana aliyeiacha shule mapema na kukulia Queensbridge, mtaa wa nyumba za umma huko Queens, New York. Jina lake lilikuwa limeanza kuvuma tangu 1991, aliposhirikishwa na kundi la Main Source katika wimbo mmoja na kuwafunika waliomwalika.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Albamu hii ilikuwa na watayarishaji watano: DJ Premier, Large Professor, Pete Rock, Q-Tip na L.E.S., lakini haikuyumba. Nadhani iliwasaidia kwamba wengi wao walichota sampuli, vipande vya muziki wa wengine vya kujengea midundo, katika kisima kimoja, yaani santuri za zamani za jazi na soul, na kwamba sauti iliyoghani juu ya midundo yao ilikuwa moja karibu mwanzo hadi mwisho. Mgeni pekee aliyepewa ubeti kamili ni AZ, katika kibao cha tatu, ambacho kinafungwa na korneti ya Olu Dara, baba mzazi wa Nas.

Wimbo ninaourudia zaidi ni One Love. Q-Tip aliujenga juu ya sampuli ya kundi la jazi la Heath Brothers ambamo Stanley Cowell anapiga kalimba, ala ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba, na mlio wake mkavu, unaojirudia bila haraka, unalingana kabisa na maneno, kwa sababu beti za mwanzo ni barua kwa marafiki walio gerezani. Nas anampa mmoja wao habari za mtoto aliyezaliwa baba akiwa ndani. Hapambi wala hafariji, anaripoti tu yanayoendelea mtaani. Katika ubeti wa mwisho barua zinakoma, naye anaketi na mvulana wa miaka kumi na miwili ambaye tayari yumo katika biashara ya dawa za kulevya, na hapo msikilizaji anaelewa nani ataandikiwa barua zijazo.

Jarida la The Source liliipa maikrofoni tano, alama ya juu kabisa, ambayo ilikuwa nadra kupewa msanii aliyetoa albamu yake ya kwanza. Sokoni mambo yalikuwa mengine. Kanda za wizi zilikuwa zimekwisha kusambaa kabla ya siku ya kutoka, na albamu ikaingia Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, katika nafasi ya 12, ikiuza takriban nakala 60,000 wiki ya kwanza, ilhali miezi michache tu kabla yake Snoop Doggy Dogg, kutoka pwani ya magharibi, alikuwa ameuza zaidi ya 800,000 katika wiki kama hiyo. Hati ya dhahabu, ya kufikisha nakala 500,000, ilikuja Januari 1996, ile ya platinamu, ya nakala milioni moja, mwaka 2001, na mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa.

Albamu ya pili, It Was Written, ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1996, ikiwa na midundo laini zaidi, iliyotengenezwa na watayarishaji Trackmasters, na wengi walioisifu ile ya kwanza wakamshutumu kwamba amekimbilia soko. Shutuma hiyo naiona ya haki nusu tu. Midundo kweli ilipoteza ukali wake, lakini ni vigumu kumlaumu kijana aliyekuwa na maikrofoni tano mkononi na akasubiri karibu miaka miwili kuiona dhahabu.