Kombe Kwanza

Juzi kwenye maulidi ya jirani, marashi yalipoanza kunyunyizwa, nikajikuta niko jikoni kwa Mama, Tanga, mwaka ule nisiolala.

Nilikuwa nimetoka kliniki na bahasha ndogo ya dawa. Amitriptilini, dawa ya sonona, miligramu 25, na kwa kalamu ya bluu: 1x1 usiku. Daktari hakunihubiria. Alisema mdomo utakauka mapema na usingizi utakuja, lakini moyo kutulia ni jambo la wiki kadhaa. Nikitaka kuacha, nisiache kimyakimya, nirudi tuzungumze. Kwenye daladala niliibana ile bahasha pochini kama mwizi. Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, iko Dodoma tangu 1927, na sisi tumelifanya jina lake tusi.

Nyumbani Mama alikuwa ameshaleta kombe, dawa ya aya za Kurani, kutoka kwa maalimu. Sahani nyeupe, aya zimeandikwa kwa zafarani, mistari imezunguka mpaka ukingoni. Akamimina marashi kidogo na maji, akaanza kusugua kwa kidole cha shahada, polepole. Herufi zikaachia moja moja, maji yakageuka manjano. Mimi nimekaa juu ya mbuzi ya nazi, kidonge kiganjani, kimeshaanza kulowa jasho.

"Ndicho walichokupa?"

"Ndicho, Mama."

"Kitakuponya, au kitakulaza tu?"

"Sijui."

Akakitazama kwa muda. "Na wanaovimeza, huacha lini?"

Swali hilohilo ndilo lililonikaba tangu kliniki, ila nililiona aibu kuliuliza. Mama akamimina kombe kwenye kikombe, akanisogezea.

"Basi kombe kwanza. Hicho kitafuata."

Nikapiga funda mbili. Kidonge nikakitia mdomoni, na kwa kuwa maji ya kunywa yalikuwa mbali, nikakishushia kwa kombe lilelile. Mama akafungua mdomo, akaufunga.

Mdomo ulikauka kweli. Asubuhi nilikuwa mzito, nikanuna, nikatishia kuacha, sikuacha. Baadaye, sijui hasa lini, adhana ya alfajiri ikanikuta nimelala fofofo.

Mpaka leo Mama huwasimulia shangazi zangu kwamba ni kombe. Huwa sibishi, sina uhakika wa kubishia. Ila nilipokwenda kumshukuru maalimu, aliniuliza kama vya hospitali bado nameza. Nikasema ndiyo. Akaniambia nisije nikathubutu kuviacha bila kumwona daktari.

Hilo sikumwambia Mama. Angekosana naye bure.