Nilivyozielewa hali za zamu kwenye programu ya ratiba

Nasimamia wahudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni Bamburi, Mombasa. Chini yangu kuna wasafishaji wa vyumba, watu wa dobi na wale wa kumbi na vibaraza, na baadhi yao ni wa msimu tu. Agosti na Disemba hoteli hujaa, na mvua za masika zikianza wengi hurudi nyumbani kungoja simu. Zamani ratiba yetu ilikuwa karatasi iliyobandikwa karibu na daftari la kusaini, na kila aliyepita aliipiga picha akaituma WhatsApp. Karatasi ikibadilika Jumatano, picha ya Jumatatu iliendelea kuzunguka kwenye simu za watu. Kwa hiyo uongozi ulipoleta programu ya kupanga zamu nilifurahi kwa dhati.

Kuweka majina kwenye visanduku vya siku si kazi ngumu na sitaizungumzia. Kilichohitaji subira ni hali za zamu, yaani zile rangi na maneno madogo yanayoonekana kwenye kila kisanduku: hii ni rasimu, hii imetangazwa, hii iko wazi, hii inasubiri, hii imekamilika, hii imeidhinishwa. Katika mafunzo tuliyopewa maneno hayo yalitajwa kwa haraka tukaendelea na mengine. Mimi sikuweza kuendelea. Neno moja kati ya hayo ndilo linaloamua kama mama fulani wa Kisauni atatoka nyumbani alfajiri au hatatoka, na mwisho wa mwezi atalipwa saa ngapi.

Nilimwomba dada mmoja wa dobi tukae kantini wakati wa mapumziko, yeye na simu yake, mimi na kompyuta. Nikatengeneza zamu ya majaribio ya mwezi uliofuata, nikaweka jina lake.

“Unaona nini?”

“Sioni kitu, dada.”

Nikaitangaza. Simu yake ikalia, zamu ikatokea. Nikabadilisha saa ya kuanza lakini sikutangaza upya. “Bado ni ile ya mwanzo,” akasema. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na nilipoondoka pale nilikuwa na maswali matatu ambayo nayauliza hadi leo kila ninapoona neno jipya kwenye kisanduku. Nani anaiona zamu hii? Nani anapaswa kufanya kitu sasa? Na je, ofisi ya mishahara inaihesabu?

Rasimu naiona mimi na wakubwa wangu tu. Anayepaswa kufanya kitu ni mimi, na kwenye mshahara haipo. Ikishatangazwa, mfanyakazi anaiona, na pale mimi nimeshatoa ahadi. Ila kuna hali ya tatu katikati ambayo haina jina kubwa, nayo ndiyo yenye ugomvi: zamu iliyotangazwa kisha ikaguswa. Mimi kwenye kompyuta naona saa mpya, yeye kwenye simu anaona saa ya zamani, na kila mmoja anaweza kuapa kwamba anasoma ratiba ileile. Programu nyingi huweka alama hapo. Katika Shifts, ile iliyomo ndani ya Microsoft Teams, mabadiliko ambayo bado hayajapelekwa kwa wafanyakazi hutiwa kinyota. Kwetu kisanduku hupata mistari ya mshazari. Nimejizoesha kutofunga kompyuta jioni kabla ya kuitafuta mistari hiyo kwenye wiki nzima, na wasaidizi wangu nao nimewafundisha hivyo.

Tofauti nyingine inayostahili kutazamwa kwa makini ni ya zamu tupu na zamu wazi. Kwenye skrini yangu zote mbili hazina jina la mtu, na kwa mbali zinafanana. Zamu tupu ni pengo ninalolijua mimi: Jumamosi nahitaji mtu wa tano orofa ya pili na bado sijampata. Wafanyakazi hawalioni. Zamu wazi imetolewa kwao, inaonekana kwa kila mwenye sifa ya kuifanya, na anayetaka anaiomba. Msimamizi anayedhani ameifungua zamu, kumbe ameiacha tupu, atangoja hadi Ijumaa usiku bila kuombwa na yeyote, na atawalaumu watu kwa uvivu ambao hawana. Pia kuna mpangilio wa kuchagua kama anayeomba wa kwanza anaipata hapo hapo au anasubiri kibali. Mimi nimeweka kibali, maana bila kibali zamu zote nzuri huchukuliwa na wenye simu nzuri na data ya kutosha. Mtu wa Mishomoroni ambaye data yake huisha tarehe ishirini naye ana haki ya saa za ziada.

Sasa nije kwenye kubadilishana zamu, kwa sababu hapa Pwani jambo hili lina uzito wake. Zamu yetu ya jioni huanza saa nane mchana mpaka saa nne usiku, na Ramadhani magharibi inaingia katikati yake. Waislamu wengi wangependa kufuturu nyumbani, na Wakristo wetu kwa miaka mingi wamewashikia zamu hizo, nao wakashikiwa za Pasaka na Krismasi. Ni mapatano ya watu, yalikuwepo kabla ya programu, na nilitaka programu iyahifadhi.

Kwenye programu ombi la kubadilishana hupitia vituo viwili. Kwanza linamsubiri mwenzake: amepelekewa, hajajibu. Akikubali, linanisubiri mimi. Maneno yanayoonekana ni karibu yaleyale, “inasubiri”, lakini anayesubiriwa si mmoja. Na katika vituo vyote viwili zamu bado ni ya mwenyewe wa awali. Hilo ndilo nililolirudia mpaka sauti ikakauka. Watu walikuwa wanakubaliana kwenye simu, wanaona mwenzao amebonyeza ndiyo, wanaenda zao kupika futari. Kwenye ratiba jina halijahama. Mgeni wa chumba asiposafishiwa, anayeulizwa ni yule ambaye jina lake bado liko kwenye kisanduku.

Nilipoanza niliambiwa na baadhi ya wenzangu kwamba kibali cha msimamizi ni urasimu usio na maana, watu wazima wameshakubaliana. Siungi mkono. Kabla sijabonyeza, programu inanionyesha ubadilishanaji huo utamfanya mtu aweje. Kuna kijana aliyekuwa tayari kuwashikia wenzake hadi angefanya kazi mfululizo bila siku ya kupumzika, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kila mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila kipindi cha siku saba. Mwingine angetoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi na kuingia tena saa nane mchana siku ile ile. Niliwaita, tukapanga upya, na futari zikaliwa nyumbani vilevile. Ninachokidai kwangu mwenyewe ni kujibu mapema, kwa sababu ombi likikaa “linasubiri” kwangu usiku kucha, mimi ndiye ninayewanyima watu usingizi.

Idd nayo ilinifundisha matumizi mazuri ya rasimu. Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya kitaifa, lakini siku yenyewe hutegemea mwezi kuandama, na tangazo la Kadhi Mkuu huja usiku. Huwa natayarisha wiki hiyo kwa sura mbili, zote rasimu, na nawaambia watu wazi kwamba zipo. Tangazo likitoka naitangaza moja na kuifuta nyingine. Kilichobaki kuangaliwa ni zamu ya usiku inayoanza saa nne usiku wa kuamkia sikukuu. Kisanduku chake kinakaa kwenye tarehe ya kuanza, ilhali saa sita kati ya nane zake zinaangukia siku ya Idd. Programu inaweza kupangwa ihesabu zamu nzima kwa tarehe ya kuanza, au iikate saa sita usiku, tarehe inapobadilika. Huo ni uamuzi wa pesa za watu, na haufai kuachiwa mpangilio uliokuja na programu kutoka kiwandani. Tuliujadili na ofisi ya mishahara pamoja na mwakilishi wa KUDHEIHA, chama chetu cha wafanyakazi wa hoteli, tukakubaliana ikatwe.

Kuhusu saa, nitasema kwa ufupi. Akaunti yetu ilifunguliwa na waliotuuzia ikiwa imewekwa saa za London. Sisi tuko saa tatu mbele ya London wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo zamu iliyoandikwa 06:00 ilikuwa kwa programu ni saa tatu au saa mbili asubuhi ya Mombasa. Watu wanafika saa kumi na mbili asubuhi, wanabonyeza kuingia kazini, programu inawakatalia kwamba bado ni mapema mno. Ukiona hali za ajabu kwa kila mtu kwa pamoja, tazama kwanza eneo la saa la akaunti. Tatizo la mtu mmoja huwa na sababu ya mtu mmoja, lakini la wote liko kwenye mpangilio.

Siku yenyewe ya kazi hali hubadilika zenyewe: haijaanza, inaendelea, yuko mapumziko, imekamilika. Hizi hazina shida. Zinazouma ni “amechelewa” na “hakufika”. Programu haijui kuhusu feri. Inachojua ni kwamba muda wa kuanza umepita, muda wa huruma, yaani zile dakika za kuvumiliwa, umepita, na hakuna aliyebonyeza. Nina watu wanaotoka Likoni, ng'ambo ya kivuko, na feri moja ikipata hitilafu asubuhi, foleni ya waenda kwa miguu inajaa mpaka juu barabarani. Programu inaruhusu kubonyeza ukiwa ndani ya eneo la hoteli tu, kwa hiyo hata akitaka kueleza kwa kubonyeza hawezi. Halafu kuna chumba cha dobi kilicho chini, kuta nene, mtandao haufiki. Mtu anabonyeza kwa wakati, simu inahifadhi, na taarifa inapanda baadaye akitoka nje. Kwa muda huo wote skrini yangu inasema hakufika, naye yuko hatua chache kutoka kwangu anapiga pasi mashuka.

Kwa hiyo hali hizo mbili nazichukua kama mwito wa kwenda kuuliza. Nashuka dobi. Napiga simu. Nikishajua, naandika sababu kwenye sehemu ya maelezo ya zamu hiyo hiyo, siku hiyo hiyo: feri, mtandao, mgonjwa nyumbani. Maelezo hayo yanabaki na zamu, na mtu akija kuitwa ofisini baada ya miezi, yapo. Wakati huohuo niliomba programu ichukue mahali alipo mtu pale anapobonyeza tu, si kutwa nzima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, mahali anapokwenda mtu baada ya kazi hakunihusu.

Nimeiacha mwisho ile ambayo watu waliniulizia zaidi ya zote, kwa sababu inagusa mfuko. Zamu “imekamilika” maana yake mtu ameingia na ametoka. Haimaanishi atalipwa. Kati ya kukamilika na kulipwa kuna “imeidhinishwa”, na hapo lazima mtu atazame saa zilizopangwa, saa zilizofanywa kweli, aseme ndiyo. Kwetu ofisi ya mishahara huchukua zilizoidhinishwa pekee. Zamu ikibaki imekamilika bila kuidhinishwa, kazi imefanyika, jasho limetoka, na kwenye hesabu ya mwezi haionekani. Mara nyingi zinazokwama ni zile zenye dosari ndogo: mtu alisahau kubonyeza kutoka, programu ikaona zamu ya saa kumi na tisa, ikaiweka kando ingoje msimamizi. Hizo naanza nazo kila asubuhi kabla ya mkutano wa idara. Nawaomba pia wafanyakazi wenyewe wafungue simu zao wakague, na wakiona zamu ya wiki iliyopita bado haijaidhinishwa waje wanigongee mlango. Wanakuja. “Mama, yangu ya Jumanne bado,” na tunaifungua pamoja.

Masika ya mwaka huu wafanyakazi wa msimu walipoondoka, niliziweka zamu zao za mbele kwenye hali ya “imeghairiwa”, wala sikuzitoa kabisa. Ukizitoa, kisanduku kinatoweka kana kwamba hakikuwahi kuwepo. Ikighairiwa, mtu anapata taarifa kwenye simu, na kumbukumbu inabaki kwamba alikuwa amepangiwa, na tarehe aliyoondolewa. Agosti nikianza kuwaita, hiyo ndiyo orodha ninayoifungua kwanza, na walioghairiwa zamu nyingi zaidi ndio ninaowapigia mwanzo.