Mama alivua sweta mwezi wa saba

Mwezi wa saba Njombe baridi inang'ata. Alfajiri majani yanapiga sakitu, na jioni kila mtu anagombea nafasi karibu na moto jikoni. Mwaka jana nilifika kwa mama saa mbili usiku, nikamkuta amekaa mbali na moto, karibu na mlango. Sweta lake amelivua, kaliweka magotini, anajipepea kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo mama. Mbona umekaa kwenye baridi?"

"Marahaba mwanangu. Siku hizi joto linanisumbua. Uzee huo."

Nililiona lile sweta magotini nikalipita. Bado linaniuma.

Tulilala chumba kimoja. Saa tisa usiku nikasikia kitanda kinalia, mama amekaa, mkono kifuani. Nikamuuliza kulikoni. "Moyo. Muda huu ukifika unaanza kukimbia. Utatulia." Nikauliza umeanza lini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tangu Pasaka.

Tangu Pasaka! Na kila Jumapili tulikuwa tunaongea kwenye simu, ananiambia mahindi yamekomaa, jirani ameoza binti, yeye hajambo. Asubuhi yake mdogo wangu ndiye alinieleza kwamba alishampeleka zahanati mara mbili. Mara ya kwanza wakasema ni presha. Mara ya pili wakasema ni mawazo, kwa kuwa baba alifariki mwaka wa juzi, wakampa vidonge vya usingizi. Mimi sikuambiwa kwa sababu mama alikataza: "Dada yako yuko Dar, atahangaika bure na nauli."

Usiku ule nilimshika mkono, nikaweka vidole viwili chini ya kidole gumba, pale mshipa unapopita, nikawasha saa ya simu. Nilivyojua mimi, moyo wa mtu ukienda mbio unakwenda kwa mpangilio, kama miguu ya mtu anayekimbia. Wa mama ulikuwa kama bisi kwenye sufuria. Tatu zinafuatana, kimya, moja, kimya kirefu, halafu nne za haraka, na moja nzito. Nilihesabu dakika nzima nikapata 118. Nikarudia, 109. Nikarudia tena, 121. Mtu mzima aliyetulia anatakiwa kuwa kati ya 60 na 100. Mkono wenyewe ulikuwa umekonda, ngozi ina unyevu na joto, na vidole vinatetemeka kidogo kama waya wa simu wakati wa upepo. Kumbe alikuwa anakula vizuri tu, na bado sketi zake zote alikuwa anazifunga kwa pini.

Kulipokucha tukaenda hospitali mjini. Wakampiga kipimo cha umeme wa moyo, nyaya sita kifuani na nne mikononi na miguuni, wakampa dawa ya kupunguza kasi na barua ya rufaa. Baada ya siku mbili za kumwangalia wakaturuhusu kusafiri. Safari ya basi mpaka Dar ni siku nzima, na siku ile sikusinzia hata kidogo. Kila tulipopita mji nilikuwa nawaza hospitali iko upande gani.

Dar, daktari alikuwa kijana mdogo. Alisoma ile barua, akamwangalia mama usoni, kisha akasema, "Bibi, naomba utoe mtandio." Mama anavaa mtandio shingoni tangu nimjue, nyumbani, shambani na kanisani. Akautoa. Daktari akampa kikombe cha maji, akamwambia ameze taratibu. Lile rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, likapanda na kushuka.

"Hili lina miaka mingapi?"

"Nimeolewa nalo," mama akajibu.

Tulivyokuwa wadogo tukimlalia kifuani tulikuwa tunaligusa lile rovu, laini, na kwa pembeni gumu kidogo. Bibi yetu alikuwa nalo. Wanawake wengi wa rika lake kule kwetu walikuwa nalo, maana nyanda za juu udongo wake umepungukiwa madini joto, na wao walikua kabla chumvi ya dukani haijaanza kuwekewa. Kwangu mimi lile rovu lilikuwa sehemu ya mama kama sauti yake. Hakuna siku niliyowahi kuliona kuwa ugonjwa.

Daktari alitueleza kwamba uvimbe wa miaka mingi unaweza, uzeeni, kuanza kumwaga homoni wenyewe bila kusubiri amri ya ubongo. Homoni zikizidi, mwili wote unakwenda mbio. Mtu anasikia joto, anakonda huku anakula, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na moyo unapoteza mpangilio wake. Damu ikapimwa, na jibu likawa hilo. Mawazo alikuwa nayo, kweli, nani hana baada ya kumzika mume wa miaka arobaini? Lakini mawazo hayakuwa yamemvua sweta.

Sista mmoja alinifundisha jambo ambalo nataka kila anayemhesabia mzazi wake alijue. Yeye aliweka chombo cha kusikilizia kifuani, mimi nikashika mkono, tukahesabu pamoja dakika moja. Mimi nikapata 116, yeye 140. Moyo ukipiga ovyo namna ile, mapigo mengine yanakuwa dhaifu, hayafiki mkononi. Kwa hiyo mkono ukionyesha nafuu, usitangaze ushindi.

Hofu kubwa ya daktari ilikuwa damu kuganda. Vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kubana, damu inatuama humo, bonge linaweza kufanyika, likapanda kichwani, na hicho ndicho kiharusi. Akanitajia dalili za kutosubiri asubuhi: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama, kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi. Nimeziandika nyuma ya mlango wa chumba chake kwa kalamu nene, na mdogo wangu anazijua kwa moyo.

Kwa hiyo mama akaanza dawa tatu, ya tezi, ya kupunguza kasi na ya kuzuia damu kuganda. Hii ya tatu ilituletea mjadala jikoni. Mboga za majani zinaigusa, na mama bila majani hajala. Mimi nilitaka kumkatia kabisa. Daktari akasema hapana, ale, ila kiasi kilekile kila siku, asile kidogo wiki hii na sufuria nzima wiki ijayo, na asiache kupima damu. Kuhusu dawa ya tezi akasisitiza jambo moja, kwamba koo likiuma au homa ikipanda, aache kumeza na aje siku hiyohiyo apimwe damu, kwa sababu dawa ile kwa watu wachache inashusha chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na maradhi.

Alikaa kwangu mpaka mwezi wa kumi. Wiki za kwanza nilikuwa naamka usiku kwenda kusikiliza pumzi yake mlangoni. Mwezi wake wa pili kwangu sketi zikaanza kumkaa bila pini. Siku moja mwezi wa tisa nikamshika mkono, nikahesabu 82, na kila pigo likaja baada ya mwenzake, hakuna lililoruka. Nikahesabu tena kwa kutoamini. Akaniuliza, "Unalia nini sasa?"

Amerudi kwake. Kila Jumapili ananisomea namba zake kutoka kwenye daftari, na mdogo wangu anathibitisha. Wiki iliyopita zilikuwa 76, 80, 74. Halafu akaniuliza kama lile sweta la kijivu alilisahau kabatini kwangu, nimpe dereva wa basi alilete, maana kule baridi imeanza na usiku inampenya mpaka kwenye mifupa.

Nimelituma jana.