Diski mpya kwenye Proxmox, usikimbilie kuformati

Wale wenzangu mnaoendesha Proxmox (mfumo wa kuendesha VM, yaani kompyuta pepe, kadhaa ndani ya mashine moja) kwenye seva za kuungaunga humu mjini, diski mpya ikifika tulieni kwanza. Diski nyingine za bei chee zimeshatumika, zimefutwa tu zikatiwa kwenye mfuko mpya, kwa hiyo hata muuzaji wako wa Kariakoo umwamini vipi, wewe chomeka upige smartctl -a (amri ya kusoma afya ya diski) uangalie Power_On_Hours, hizo ni saa ambazo diski imekuwa inawaka. Diski "mpya" yenye saa 30,000 imewaka zaidi ya miaka mitatu bila kupumzika, hapo hakuna upya! Cheki na Reallocated_Sector_Ct, yaani sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamisha, kama si sifuri rudisha dukani kabla wino wa risiti haujafutika. Na kwa vile hizo saa nazo kuna wajanja wanazirudisha sifuri, piga pia smartctl -t long, jaribio la kusoma diski nzima, kwenye 4TB ya kuzunguka inakula masaa kibao, wewe iache usiku kucha.

Ikipita, stoo (storage ya kuwekea diski za VM) usiitengeneze kwa jina la /dev/sdb ambalo Linux inaipa diski, maana ukiongeza diski nyingine ukaristati, sdb ya leo inaweza kuamka sdc. Tumia /dev/disk/by-id, huko kila diski ina modeli na siriali ileile ya kwenye stika, siku ikifa unajua unachomoa ipi. Mimi naandika tarakimu za mwisho kwa maka pen mbele ya trei kabisa.

Binafsi naweka ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski), diski mbili mirror, yaani moja ni nakala ya nyingine, na ashift=12 (ukubwa wa bloku, ukikosea hapo hubadilishi tena, unaanza upya). Ndiyo, 4TB mbili zinakupa 4TB moja, bosi atanuna, mwache anune. ZFS inapenda RAM, kwa hiyo kama yako ni kiduchu nenda LVM-thin (njia nyingine ya kugawa diski), ila hiyo inakuruhusu kugawa nafasi usiyo nayo, ikijaa kweli VM zinagoma kuandika, so weka tiki ya Discard kwenye diski za VM na amri ya fstrim iwe inapita humo ndani, ili nafasi ya mafaili yaliyofutwa irudi.

Baada ya hapo ni Datacenter, Storage, Add, halafu unahamisha VM kwa Move Storage huku inawaka, watu wanaendelea na kazi zao. Delete source usiitiki, diski ya zamani ikae kama Unused mpaka watu wa uhasibu wafungue mfumo wao Jumatatu asubuhi na usisikie simu.