Ndege ya Mafia iliyoimaliza Königsberg

Watu wakisimulia habari za manowari Königsberg husifu mizinga iliyoipiga. Mimi, fundi wa injini za boti, naona mwamuzi alikuwa ndege.

Manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Mikoko ile unaijua? Ukiwa mtoni huoni zaidi ya kona inayofuata, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maji mafupi. Ndege zao za mwanzo, za kutua majini, zilishindwa na joto: injini hazina nguvu, gundi inaachia. Sishangai hata kidogo.

Julai 1915 zikaingia Severn na Mersey, meli za Waingereza zisizohitaji kina kirefu, zikipiga shabaha zisiyoiona. Rubani Cull na mwenzake Arnold, walioruka kutoka kisiwa cha Mafia, ndio waliokuwa wakizielekeza kwa redio. Tarehe 11 ndege yao ikapigwa, injini ikafa. Arnold akaendelea kutuma masahihisho huku wanashuka mtoni! Wote wawili walipona. Nahodha wa Königsberg, Looff, akaizamisha meli yake mwenyewe.

Mizinga yote 10 ya Königsberg iliopolewa na Wajerumani, ikaburutwa kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.