Binti, usikodishe cheti chako

Kukodisha cheti cha AGPO, kile kinachowapa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nafasi ya kuiuzia serikali, ni kuibiwa huku unachekewa. Kuna binti niliyemfundisha kushona hapa Majengo, Mombasa, mkono wake msafi na bidii anayo, na juzi amefuatwa na bwana mmoja mwenye pesa zake. Bwana anataka jina la biashara ya binti, cheti chake na sahihi yake. Mtaji atatoa yeye, mali atapeleka yeye, na malipo yakitoka binti apewe asilimia tano. "Wewe kaa nyumbani, utaletewa." Wala si yeye peke yake. Keti na wafanyabiashara wadogo pale Mwembe Tayari, utasikia asilimia hizi zikitajwa kama bei ya nyanya.

Mpango huu ulianza 2013, na sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 ikaukaza. Kila taasisi ya serikali itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kaunti nayo itenge angalau asilimia 20 kwa wakaazi wake, jambo ambalo sisi Mombasa hatulidai vya kutosha. Cheti hutolewa bure. Sharti ni kwamba asilimia 70 ya biashara au zaidi iwe mali ya kundi husika, na wanaoiongoza wawe wa kundi hilo wote. Maana yake ni kwamba fungu hili liliwekwa ili binti wa Majengo ashone mapazia, apeleke, alipwe. Bwana mwenye pesa zake tayari ana fungu lake, ile sehemu nyingine ya bajeti iliyobaki.

Na hatari yote humwangukia binti. Invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa kodi wa mtandaoni, inatoka kwa PIN yake, yaani nambari yake ya kodi, kwa hivyo KRA, mamlaka ya kodi, ikiuliza kodi ya mauzo yale, itamuuliza yeye, na asilimia tano haitatosha kujibu. Mali ikiwa mbovu, mkataba una jina lake. Atakayevunja sheria ya ununuzi anaweza kufungiwa tenda za serikali kwa muda usiopungua miaka mitatu. Tena sheria inataka malipo yaingie kwenye akaunti ambayo mtia sahihi wa lazima ni mtu wa kundi lenyewe. Nakipenda sana kifungu hicho. Waliokiandika walishamwona yule bwana akija.

Lakini sitamlaumu binti kwa kushawishika. Kinachomsukuma nakijua, ni mtaji. Mimi hushona shuka na nguo za chumba cha upasuaji, na mapazia ya ofisi. LPO, ile hati ya serikali ya kuagiza mali, ikitoka, kitambaa kinataka pesa leo. Wenye maduka wa Biashara Street wanaonijua hunikopesha nusu ya marobota, na mgeni hapewi hata mita. Mafundi wanataka chao Ijumaa. Mali inapokewa, hati ya kupokea mali inapigwa muhuri, halafu mnaanza kungojana. Kuna hospitali moja ya umma iliyoniweka hadi mwaka wa serikali ukageuka, nikawalipa mafundi kwa pesa za nguo za harusi. Sheria inasema malipo yakichelewa yana riba, ila mshonaji mdogo aliyethubutu kuidai sijamsikia bado, kwa sababu kila mmoja anaogopa kutoitwa tena. Hili linaniuma kuliko yote. Ukitenga asilimia 30 kisha ukachelewesha malipo, umemsukuma binti yule yule mikononi mwa mwenye pesa.

Kwa hivyo niliyomwambia ni haya. Aanze na kotesheni, yaani kuombwa bei kwa ununuzi mdogo, asikimbilie zabuni kubwa. Kwa bidhaa, taasisi inaweza kununua kwa kotesheni hadi shilingi milioni 3, na lazima iulize wauzaji watatu au zaidi kutoka orodha yake ya waliosajiliwa. Usipokuwa kwenye orodha hutaulizwa, basi jisajili shuleni, hospitalini, kwenye idara za kaunti pale Treasury Square. Kwenye zabuni za fungu letu huhitaji dhamana ya benki, unajaza fomu ya tamko tu. Kila ukurasa wa kabrasha lako uandike nambari kwa mfuatano, kwa kuwa sheria imelitaja hilo waziwazi na watu wanaangushwa kwa ukurasa mmoja.

Kabla hujanunua hata uzi, uliza kama pesa zimetengwa. Afisa haruhusiwi kuanza ununuzi ambao bajeti yake haipo, na kuuliza si utovu wa adabu. Angalia na tarehe pia, maana mwaka wa serikali unafungwa Juni 30, na mali inayofika wiki za mwisho ndiyo invoisi yake hulala. Kungoja kwako kutie ndani ya bei. Usipeleke kitu kwa neno la simu, hata anayepiga akiwa jamaa yako, mpaka LPO iko mkononi. Ukishaipata, Hazina ya Wanawake na ile ya vijana hukopesha kwa LPO, na mkopo wa aina hiyo ni afadhali mara mia kuliko bwana wa asilimia tano.

Na nenda ukakae kwenye ufunguzi wa zabuni. Sheria inakuruhusu ukiwa umeleta yako. Majina na bei husomwa kwa sauti, nami huziandika kwenye daftari. Bei ya shuka ya hospitali nimeijulia pale, sikuijulia sokoni. Ukishindwa, omba sababu kwa maandishi. Rufaa ipo, hupelekwa kwa bodi ya mapitio ndani ya siku 14, ila ina ada zake, na kwa kazi ndogo kama zetu mimi naona heri kujua ulipokosea ukarekebisha.

Binti ameshamkatalia bwana yule. Tumejaza pamoja kotesheni ya mapazia, kwa jina lake na bei yake. Mwengine mwenye fomu inayomtatiza aje kibandani Jumamosi asubuhi, akiwa na cheti cha usajili, PIN, cheti cha ulipaji kodi na leseni ya kaunti. Mchana nina sare za shule.