Mate ya alfajiri, kabla ya mabibo

Tuliingia kijiji kimoja cha Newala mwezi wa Oktoba, korosho zimeanza kuanguka. Kazi yangu ilikuwa kukusanya mate ya watoto wa miaka 9 hadi 14, maabara ipime homoni za balehe: testosteroni na DHEA, ile ya tezi za juu ya figo, inayoanza kupanda miaka kadhaa kabla mwili haujaonyesha dalili.

Siku ya kwanza niliharibu. Watoto walifika shuleni wakinukia mabibo, na uchachu wa bibo ukibaki mdomoni unavuruga kipimo. Wawili walikuwa na magego yanayolegea. Kwenye mate yao niliona uzi mwembamba wa damu. Damu ina homoni nyingi mno kuliko mate, tone tu linampa mtoto kiwango kisicho chake. Zile chupa sikuzihesabu.

Nikaamua kuwafuata majumbani alfajiri, kabla hawajapita mikorosho. Na ndivyo inavyotakiwa, maana homoni hizi huwa juu asubuhi, kisha hushuka. Saa ya kuamka lazima iandikwe. Wasio na saa walinitajia adhana. Mtoto anasukutua kwa maji, anasubiri dakika 10, anainamisha kichwa na kuacha mate yatiririke yenyewe kwenye mrija. Pamba sikutumia, inapotosha majibu. Chupa moja kwa moja kwenye deli la barafu. Chupa ya mate ya kupima vinasaba (DNA) ina dawa yake, haihitaji ubaridi.

Kilichonichukua muda ni ridhaa. Bibi mmoja, kungwi, aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza, "Mwanangu, mate hutemwa yakafukiwa. Wewe unayapeleka wapi?"

Nilikaa mkekani nikamwonyesha kwamba chupa ina namba, haina jina. Nikamweleza tunatafuta pia kwenye vinasaba kwa nini ndugu wa tumbo moja, mmoja avunje ungo mapema na mwingine achelewe.

"Hilo hata sisi makungwi tunajiuliza," akasema.

Mjukuu nilimuuliza peke yake, pembeni, maana ridhaa ya bibi si ridhaa ya mtoto. Akaomba alale akilifikiria kwanza. Nikaondoka.

Kesho yake alfajiri nilimkuta ameshakaa mkekani, kikombe cha maji mkononi. Bibo lake lilikuwa limefunikwa kwa kawa, likimsubiri amalize.